Mwanao anakwenda kufundisha ng'ambo? Itafute kwanza kadi yake ya kliniki

Kuna kadi moja ambayo akina mama wengi wa Same waliitunza bila kujua kwamba siku moja itakuja kuulizwa na chuo kikuu cha ng'ambo. Ni kadi ya kliniki, ile aliyoijaza muuguzi kwa kalamu kila mtoto alipopelekwa kupimwa uzito na kuchomwa chanjo. Mara nyingi iko chini ya sanduku, pamoja na cheti cha ubatizo na risiti za ada ya sekondari. Mtoto sasa ana shahada ya ualimu, amepata nafasi ya kufundisha nje ya nchi, na moja ya fomu za kwanza anazotumiwa inauliza: ulichanjwa nini, na lini?

Upareni shule si jambo la jana. Tangu wamisionari wa Kisabato walipofika kwenye milima hii mwaka 1903, elimu imekuwa sehemu ya maisha, na ni vigumu kupata ukoo usio na mwalimu. Kipya ni kwamba kijana anayemaliza chuo leo hasubiri tangazo la ajira serikalini peke yake. Anakaa na simu usiku anatafuta nafasi China, Thailand, Oman au Marekani. Akipata, nyumba nzima inaingia kwenye maandalizi: sala, sherehe ya kumuaga, mchango wa nauli, sanduku jipya.

Maandalizi hayo ni mazuri. Lakini kwa mtu anayeandika habari za afya kila wiki, kinachonishtua ni jinsi mwili wa msafiri unavyosahauliwa hadi siku tatu kabla ya ndege. Na mambo mengi ya mwili, tofauti na nauli, hayawezi kufanywa kwa siku tatu.

Kwanza, anakwenda kufundisha nini?

Tuanze na kazi yenyewe, maana hapo ndipo pa kumlinda mtoto kuliko dawa yoyote.

Vijana wengi hutafuta kazi ya kufundisha Kiingereza. Tumesoma kwa Kiingereza kuanzia kidato cha kwanza, na wengine wamekisomea hadi shahada, kwa hiyo wanaona wana haki ya kukifundisha. Nchi nyingine hazioni hivyo. China, kwa mfano, humtaka mwalimu wa Kiingereza awe ametoka nchi ambazo lugha hiyo ndiyo ya kuzaliwa nayo, kama Uingereza, Marekani, Kanada au Australia, awe na shahada na kwa kawaida uzoefu wa miaka 2. Tanzania haimo kwenye orodha hiyo. Sasa wakala anapomwambia binti yako kwamba kazi ipo, aende tu kwa viza ya utalii na "mambo yatanyooshwa" akishafika, jua anamtuma akavunje sheria. Viza ya kazi ya China inaitwa Z. Sheria yao ya uingiaji na utokaji iliyoanza kutumika Julai 2013 inamtoza mgeni anayefanya kazi bila kibali faini ya yuan 5,000 hadi 20,000, na kosa likiwa kubwa anaweza kuwekwa mahabusu siku 5 hadi 15. Shule iliyompokea kwa mlango wa nyuma haitakwenda kumtetea polisi.

Thailand nako kuna jambo la kuogopa zaidi. Tangu mwaka 2022 serikali ya Kenya imekuwa ikiwaonya vijana wake juu ya matangazo ya kazi nzuri nchini humo, kazi za ofisini na nyinginezo, ambayo mwisho wake msafiri huvushwa mpaka hadi Myanmar na kufungiwa kwenye majengo anakolazimishwa kutapeli watu kwa intaneti. Wanaotafutwa ni vijana wenye elimu, wanaojua kompyuta na Kiingereza. Ndiyo hao hao tunaowaandalia sherehe.

Kwa Kiswahili mlango uko wazi kihalali zaidi. Kwa miaka mingi programu ya Fulbright ya serikali ya Marekani imekuwa ikichukua walimu vijana wa lugha kutoka nchi mbalimbali, Tanzania ikiwamo, wakasaidie kufundisha lugha zao kwenye vyuo vikuu vya huko kwa mwaka mmoja wa masomo, yaani miezi 9 hivi. Huenda kwa viza ya J-1, hufundisha huku nao wakisoma, kisha hurudi nyumbani. Haina ada ya wakala. Masharti ya viza za Marekani hata hivyo yamekuwa yakibadilika haraka, hivyo kijana asitegemee alichoambiwa na mwenzake wa mwaka juzi. Asome tovuti ya ubalozi mwenyewe, tena wiki ile ile anayoomba.

Watani zetu wanapenda kusema Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Basi safari hii tuutumie moyo huo kabla ya kesi. Mzazi, omba uone mkataba. Hata kama Kiingereza kinakupiga chenga, mwite mwalimu mkuu wa shule ya jirani au mtoto wa ndugu aliyesoma sheria, akusomee mambo manne: nani analipa mshahara, nani analipa nyumba, nani analipa matibabu, na pasipoti inakaa kwa nani. Jibu la swali la mwisho ni moja tu, inakaa kwa mwenye nayo. Wakala wa ajira anayefanya kazi hapa nchini anatakiwa awe amesajiliwa serikalini, na ofisi ya kazi au TaESA, ambao ni Wakala wa Huduma za Ajira wa serikali, ndio wa kuulizwa.

Chanjo hazipendi haraka

Tukirudi kwenye kadi. Tanzania iliingiza chanjo ya homa ya ini aina ya B kwa watoto wachanga mwaka 2002. Maana yake, kijana aliyezaliwa kabla ya hapo huenda hakuipata, hata kama mama yake hakukosa kliniki hata mwezi mmoja. Huyu anahitaji kupimwa kwanza, na kama hana maambukizi, achomwe dozi 3: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, na ya tatu miezi 6 baada ya ile ya kwanza. Fanya hesabu. Anayesafiri Agosti anapaswa kuanza Februari. Hii ndiyo sababu nasema kadi itafutwe siku ile kijana anapotuma maombi. Barua ya kukubaliwa ikishafika, muda umekwisha.

Kuna la surua pia. Chanjo ya surua na rubela iliyoanza kutolewa hapa mwaka 2014 haina kinga ya matumbwitumbwi ndani yake. Vyuo vingi vya Marekani hutaka zote tatu, dozi 2. Kijana akifika bila hizo huchomwa huko huko, na inaweza kumgharimu. Si balaa, ila ni vizuri alijue mapema asije akadhani anaonewa.

Homa ya manjano ndiyo inayofahamika zaidi kwa sababu ya ile kadi yake ya njano ya kusafiria. Nchi kadhaa humtaka anayetoka upande wetu wa Afrika aionyeshe mpakani. Mambo mawili watu huyachanganya. Kadi huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchomwa, hivyo kuichukua jana yake hakusaidii. Na tangu Julai 2016, kwa kanuni za Shirika la Afya Duniani, sindano moja inatosha maisha yote, kwa hiyo anayeambiwa kadi yake ya zamani "imekufa" kwa kupita miaka 10 asitoe hela tena. Ukiuliza hospitali ya wilaya pale Same watakuelekeza kituo kilichoidhinishwa. Usikubali kadi inayouzwa bila sindano. Kadi ya namna hiyo inamweka mtoto kwenye hatari mbili, ya ugonjwa na ya kukamatwa.

Vipimo vinavyotisha familia

Uingereza humtaka Mtanzania anayekwenda kukaa zaidi ya miezi 6 apimwe kifua kikuu kabla ya kupewa viza, kwa kupigwa picha ya mapafu. Marekani vyuo vingi hupima baada ya kufika. Na hapa ndipo simu za usiku zinapoanza: mama, wamesema nina TB.

Vuta pumzi kwanza. Karibu watoto wetu wote huchomwa chanjo ya BCG wanapozaliwa, ile inayoacha kovu begani, na chanjo hiyo inaweza kufanya kipimo cha ngozi kionyeshe uvimbe bila mtu kuwa na ugonjwa. Kipo kipimo cha damu ambacho hakidanganywi na BCG, na kijana ana haki ya kukiomba. Hata hicho kikisema ndiyo, mara nyingi maana yake ni kwamba vimelea vimelala mwilini, haambukizi mtu, na kuna dawa za kumkinga visije vikaamka. Kuamriwa kumeza dawa hizo si kufukuzwa kazi.

Nchi za Ghuba zina ukali wa aina nyingine. Mfanyakazi mgeni hupimwa kifua kikuu, virusi vya Ukimwi na homa ya ini, na majibu yanaweza kumnyima kibali. Ni bora kijana apime hapa nyumbani kimya kimya, ajue hali yake kabla hajalipa hata shilingi ya nauli. Marekani iliondoa zuio lake kwa watu wenye VVU Januari 2010, na China iliondoa la kwake mwaka huo huo, kwa hiyo anayetumia dawa za kufubaza asikate tamaa. Achague nchi kwa akili, na azungumze na kliniki yake kuhusu dawa za miezi ya mwanzo. Majibu hayo ni yake. Hayatangazwi kwenye kikao cha ukoo, hata kama ukoo ndio uliochanga.

Malaria inapanda ndege pia

Kama ungebaki na aya moja tu ya makala hii, ningependa iwe hii. Kijana anaweza kung'atwa na mbu Kisiwani au Ndungu wiki ya kuaga, akapanda ndege akiwa mzima kabisa, na malaria ikamlipukia akiwa kwenye baridi ya ugenini siku 10 au hata miezi miwili baadaye. Daktari wa huko huenda hajaiona malaria tangu atoke chuoni. Ataona homa, kichwa, mwili kuuma, msimu wa baridi, naye atasema ni mafua makali, nenda kapumzike. Malaria ya kwetu ikicheleweshwa siku chache inaweza kuua mtu mzima mwenye nguvu zake.

Kwa hiyo mfundishe sentensi moja aishike kama namba yake ya simu: nimetoka nchi yenye malaria, naomba damu yangu ipimwe leo. Aiseme kwa Kiingereza, airudie, asione haya. Na mwenzake wa chumba aijue pia, maana mgonjwa wa homa kali anaweza kushindwa kujieleza.

Watu wa milimani wasijifariji. Aliyekulia Chome au Mbaga, chini ya Shengena yenye mita 2,463, alikutana na mbu kidogo sana kuliko wa tambarare, na kinga ya mwili wake dhidi ya malaria ni ndogo. Tena historia ya eneo letu inatuonya. Kati ya mwaka 1955 na 1959, chini ya mradi ulioitwa Pare-Taveta, nyumba za bondeni zilipuliziwa dawa ya dieldrin ndani, na malaria ikashuka sana. Upuliziaji uliposimama, ikarudi pole pole. Kupungua si kuisha.

Meno, miwani na furushi la jirani

Bima ya hapa nyumbani haimfuati Mtanzania ng'ambo. Anayekwenda Marekani kwa J-1 lazima awe na bima inayofika walau dola 100,000 kwa ugonjwa au ajali moja, na kwa kawaida programu humkatia. Lakini bima nyingi za namna hiyo hazigusi meno wala miwani. Jino linalouma kidogo hapa ni shughuli ya asubuhi moja. Huko linaweza kumeza posho ya wiki kadhaa. Moshi iko kilomita zaidi ya 100 tu kutoka Same, na KCMC wana idara ya macho inayojulikana nchi nzima. Aende, apimwe, atoke na miwani miwili na karatasi yenye vipimo vyake. Akimaliza apite soko la Memorial achague koti zito la mitumba. Julai ya Suji ni baridi, ndiyo, lakini si baridi ya barafu.

Mwenye pumu, sikoseli au shinikizo la damu asafiri na barua ya daktari yenye majina halisi ya dawa, na dawa zikae kwenye boksi zake, ndani ya mkoba wa mkononi. Mwenye sikoseli amwone daktari wake mahsusi kuhusu safari ndefu ya ndege. Dawa za maumivu zenye kodeini au tramado zisibebwe kiholela kwenda Ghuba. Huko zinaweza kumfikisha mtu mahakamani.

Halafu kuna furushi. Kila msafiri wa Upareni anajua: siku ya mwisho jirani anakuja na mfuko, mpelekee mwanangu, ni tangawizi tu ya Mamba Myamba. Pengine ni tangawizi kweli. Lakini mirungi nayo hulimwa kwa kificho kwenye baadhi ya vijiji vya milima hii, na kwa sheria ya Tanzania ni dawa ya kulevya. Uingereza iliipiga marufuku mwaka 2014. Baba wa nyumba ndiye wa kusema hapana, kwa sababu kijana atashindwa kumkatalia mtu mzima. Na hata tangawizi yake mwenyewe, unga au mbichi, aiandike kwenye fomu ya forodha. Vyakula visivyotajwa huleta faini.

Akishafika

Miezi ya kwanza ndiyo migumu. Mwalimu mgeni anapata mafua mfululizo kwa kukaa na wanafunzi darasani, jua linazama saa 10 alasiri, hakuna makande, hakuna anayemwita kwa jina la nyumbani. Mwenye ngozi nyeusi kwenye nchi zenye jua hafifu hutengeneza vitamini D kidogo, na mamlaka za afya za Uingereza humshauri afikirie kumeza mikrogramu 10 kila siku. Ni kidonge cha bei ndogo. Upweke hauna kidonge rahisi. Kijana anayelala mchana kutwa, anayekatisha simu, anayesema kila siku "niko poa" kwa sauti ile ile, aulizwe tena na tena, tena na mtu anayemwamini, si lazima awe mzazi. Vyuo vingi vina washauri nasaha bila malipo. Amwone mshauri huyo, hata kama kwetu hatukuzoea kwenda kuongea na mtu tusiyemjua.

Pesa nayo ni afya. Mshahara wa kwanza hulipwa mwisho wa mwezi, na mara nyingi mwenye nyumba ameshadai kodi na amana kabla ya hapo. Mwezi wa kwanza, na ikiwezekana wa pili, asiombwe mchango wa harusi wala bati za nyumba ya shangazi. Nimewahi kusikia watu wazima wakilalamika kwamba mtoto "amebadilika" wiki tatu tu baada ya kuondoka, wakati alikuwa anakula mkate mtupu.

Mpangane saa za kuongea. Saa 2 usiku ya Same ni saa 7 usiku Beijing, mtu amelala na kesho ana kipindi. New York wakati wa baridi ni saa 6 mchana, yuko kazini. Nyumbani zibaki nakala za pasipoti, viza, mkataba na bima, pamoja na anwani ya shule na namba ya mtu mmoja wa huko asiyekuwa wakala. Ziwekwe kwenye simu mbili tofauti, na zichapishwe pia. Namba ya ubalozi wetu nayo iandikwe. Tunazo balozi Beijing, Muscat, Abu Dhabi, London na Washington.

Na akija likizo ya Desemba, watu wote wakipanda milimani, chandarua kiwe kimeshatundikwa. Mwaka mmoja au miwili mbali na mbu hupunguza kinga aliyokuwa nayo, na wanaorudi kusalimia nyumbani ni miongoni mwa wasafiri wanaougua malaria zaidi. Kabla hajaondoka huko amuulize daktari dawa za kujikinga, na alale ndani ya chandarua tangu usiku wa kwanza, hata kama chumba ni kile kile alichozaliwa.